Kabla ya Amina

Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyegundua. Alichungulia ndani ya tangi, akamwita Baba.

"Gijsbert, siku hizi ng'ombe wako wanatoa hewa?"

Maziwa ya siku tatu yalikuwa yameishia mtaroni. Asubuhi mdogo wangu Heiltje, mwenye miaka kumi, alitumwa achote jagi moja la kupikia uji, akasahau kufunga bomba. Uji huo ndio maziwa pekee yaliyobaki, nao ulikuwa mezani Baba alipoingia kula chakula cha mchana.

Aliomba, tukala viazi na kabichi, kisha uji. Heiltje hakuugusa wake. Wakati wa baridi Baba alimpiga kofi kwa kosa dogo kuliko hili, hata daktari akaitwa kuangalia sikio. Baada ya hapo Baba aliahidi mbele ya Mungu, Mama akisikia, kwamba hatamwinulia mtoto mkono tena. Ahadi hiyo ilikuwa haijajaribiwa.

Kwetu mlo hauishi mpaka Neno lisomwe na shukrani itolewe. Kabla ya Amina hainuki mtu, wala hapigwi mtu. Baba husoma sura moja, ile inayofuata ya jana, bila kuchagua. Siku hiyo ilikuwa ile sura ndefu ya wakuu waliopeleka sadaka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapeleka vilevile alivyopeleka mwenzake. Aliisoma haraka, shingo imemwiva kwa hasira. Ilipokwisha tuliinamisha vichwa kungoja shukrani.

Baba aligeuza ukurasa, akaendelea.

Mama alimtazama, akaiweka mikono yake mapajani. Sura ya pili ikaisha, ikaja ya tatu. Uji wa Heiltje ulifanya utando juu. Jirani alikuja akachungulia dirishani, akatuona bado tuko mezani, akarudi zake. Hapo nikaelewa kwamba Baba hakuwa anatusomea sisi.

Sauti ilipomkauka, alimsogezea Heiltje Kitabu.

"Soma wewe," alisema. "Mimi bado sijatulia."

Heiltje alisoma. Majina yaliyomshinda aliyaruka, na hakuna aliyemsahihisha. Alimaliza sura, akaanza nyingine bila kuambiwa.

"Inatosha," Baba alisema.

"Bado kidogo, Baba."

"Unaiogopa Amina?"

"Ndiyo."

Baba alikitazama kile kibakuli cha uji kwa muda.

"Hata mimi," alisema. "Basi shukuru wewe."

Kwetu mtoto wa kike haongozi sala baba yake akiwa mezani. Heiltje alimwangalia Mama, Mama akainamisha kichwa. Basi akashukuru kwa viazi, akashukuru kwa kabichi, akasita, akashukuru na kwa uji. Kisha akasema Amina, kwa sauti ndogo sana.

Baba alichukua kofia yake, wakaenda wote wawili kwenye chumba cha tangi. Mimi niliwafuata nikaishia mlangoni.

"Funga," alimwambia.

Heiltje alifunga.

"Fungua. Haya, funga tena, nione."

Muda wote huo mikono ya Baba ilikuwa mifukoni, yeye anayetukemea kila siku kwa kuweka yetu huko.