Ngazi ya Neema ya Nchi ya Tarajia

Kaskazini nchi ya Tarajia inapakana na Mlima Mwakani, ambao kila mzawa ameapa kuupanda na hakuna aliyepata kuonekana kileleni. Kusini inapakana na nchi ndogo ya Kinaa, ambayo watu wake hula walichopika na kulala walipochoka, na kwa sababu hiyo Watarajia huwahesabu kuwa mafukara. Katikati hupita Mto Kesho, unaosifiwa na wote na usionywewa na yeyote, na ukingoni mwake umejengwa mji mkuu uitwao Punde. Ardhi ya Tarajia ina rutuba, mvua yake hunyesha kwa wakati, na mafundi wake zamani walikuwa stadi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya aibu, na mgeni mwenye adabu hakuyataja.

Katika zama ninazozisimulia, Watarajia walikuwa wameacha kuulizana hali. Walipokutana njiani mmoja alisema, "Umepanda?" na mwenzake akajibu, "Napanda, na wewe utapanda chini yangu." Walichokipanda ni Ngazi ya Neema, iliyoasisiwa na Mheshimiwa Ghururi bin Ahadi, Mpandishaji Mkuu, mtu aliyejaliwa meno mazuri na kutumia sehemu kubwa ya umri wake kuyaonyesha. Aliyetaka kupanda alinunua makasha ya mafuta meusi yaitwayo Afiyatele, kisha akatafuta watu wa kununua makasha yao chini yake, nao watafute wengine chini yao. Na kila aliyeingia chini alimwinua aliyetangulia. Kipandio cha kwanza kiliitwa Shaba, cha pili Fedha, vikafuata Dhahabu, Yakuti na Almasi. Karatasi ya chupa ilieleza kwamba mafuta yale hutibu baridi yabisi, ugumba, husuda na uchache wa mvua. Hakuna aliyejali sana yanatibu nini, maana hakuna aliyenuia kuyatumia.

Basi mwashi aliacha ukuta nusu akaenda kutafuta watu wa chini yake. Mkunga alimsajili mzazi kabla ya kukata kitovu cha mtoto. Matanga yalirefushwa, si kwa wingi wa huzuni, bali kwa kuwa waombolezaji walikuwa wamekaa pamoja na hawakuwa na pa kukimbilia. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Watarajia wakavumbua kwamba mafuta ni mazito kuliko damu.

Katika mji wa Punde aliishi mwanamke aliyeitwa Raja binti Subira, mwokaji wa mikate ya mofa. Baba yake, Subira, alifariki Raja angali mchanga, na nchi ile haikupata Subira mwingine. Akalelewa na shangazi yake, Bi. Hisani, ambaye hakujaliwa mtoto wake wa kumzaa, na kwa hiyo alimpa huyu wa nduguye mapenzi yote aliyokuwa ameyawekea watoto wasiokuja. Mikate ya Raja ilipendwa, na asubuhi watu walisimama mlangoni kwake wakiwa na njaa ya kweli, jambo lililokuwa adimu katika nchi iliyoshiba maneno.

Siku moja alijiwa na Bi. Shauku, rafiki yake tangu walipokuwa wakiruka kamba pamoja utotoni.

"Rafiki yangu Raja," alisema Bi. Shauku huku akiweka kasha kando ya tanuri, "utaoka mikate mpaka lini?"

"Mpaka watu waache kuona njaa," alijibu Raja.

"Hayo ni mawazo ya Kinaa! Mkate huliwa ukaisha, kipandio hakiliwi. Wala usidhani nimekuja kukuuzia kitu. Nimekuja kukupa fursa, na nimekuja kwako kwanza kwa sababu nakupenda."

"Na nikishindwa?"

"Katika Ngazi hakuna anayeshindwa, ndugu yangu. Kuna wanaokata tamaa tu."

Bi. Shauku hakusema uongo. Alimpenda Raja kwa dhati, na kwa kuwa alimpenda alijua kwamba Raja hataweza kumkatalia. Haukupita muda tanuri likapoa, paka wa mtaa wakalifanya nyumba, na Raja akawa mtu wa Shaba mwenye makasha kuanzia sakafuni hadi darini.

Kila juma alihudhuria Ukumbi wa Shangwe, ambako desturi ilikuwa kupiga makofi kila sentensi inapokwisha, ili sentensi isije ikapata nafasi ya kufikiriwa. "Mkate wa leo ni adui wa karamu ya kesho!" alisema Ghururi bin Ahadi, na makofi yakalia. "Anayewaonya ni mwizi wa ndoto zenu, hata akiwa ni mama aliyewazaa!" Makofi yakalia zaidi, na kina mama waliokuwamo wakapiga vigelegele.

Raja aliwaendea majirani, akawaingiza wachache, kisha wateja wake wa mikate, kisha watu waliowahi kuwa wateja wake. Punde nzima ilijifunza mlio wa viatu vyake. Alipobisha hodi, watu hawakuwepo majumbani, ingawa moshi wa mapishi yao ulikuwa ukipaa na watoto wao walisikika wakiambiwa wanyamaze. Kila aliyemfungulia sasa alikuwa amekwisha kuingia chini ya mwingine, naye alimsikiliza kwa adabu ili zamu yake ya kusema ifike. Ndipo alipomkumbuka shangazi yake.

Bi. Hisani alikuwa na maradhi ya macho, yaliyokuwa yakimnyang'anya nuru kidogo kidogo kutoka pembeni. Tabibu wa mji, aliyeitwa Yakini, alimpa matone ya kutia asubuhi na jioni.

"Shikamoo, shangazi," alisema Raja alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Umeadimika kama chumvi ya wakati wa vita. Karibu."

"Nimekuletea dawa ya macho."

"Matone ya tabibu ninayo. Ameniambia nisipoyaacha, nitazikwa nikiona."

"Lakini haya yatakuponya kabisa, shangazi. Utajipaka juu ya kope. Ila hayachanganywi na dawa nyingine, yanakasirika."

Bi. Hisani alimtazama kwa macho aliyokuwa bado nayo. "Wewe umeyajaribu?"

"Nayaamini."

"Sikukuuliza hilo," alisema mama yule; lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kwenye pindo la kanga, akifungua fundo. "Haya, nipe chupa moja."

"Ingekuwa heri uingie kwenye Ngazi, uwe chini yangu."

"Mtu mzima kama mimi niende nikamsumbue nani? Chupa moja yatosha. Ikiisha, utaleta nyingine."

Chupa ilipoisha, Raja alileta nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Masika yalipoingia, Bi. Hisani aliukaribisha mtungi kiti akidhani ni mgeni. Raja, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa mkononi, aliyaona hayo akashindwa kuingia wala kuondoka. Tabibu Yakini aliitwa, akayatazama macho yale kwa muda mrefu, akasema kwamba nuru iliyokwenda hairudi.

Raja alikimbilia kwa Bi. Shauku. Alimwambia yote huku akilia, na rafiki yake alimkumbatia, akampangusa machozi, kisha akasema kwa upole mkubwa, "Huenda hakujipaka kwa imani."

Raja alijitoa katika kumbatio lile.

Ikasadifu kwamba juma lile lile alikuwa apandishwe kipandio cha Fedha, kwa kuwa watu wachache aliowaingiza hapo mwanzo walikuwa wamewaingiza ndugu zao. Akaitwa mbele ya Ukumbi wa Shangwe atoe ushuhuda wa mafanikio yake.

"Shangazi yangu amepofuka," alisema Raja.

Makofi yakalia.

"Nimempofusha mimi, kwa mafuta haya, kwa kuwa nilimwambia aache dawa ya tabibu."

Makofi yakalia tena, na nyuma ya ukumbi mtu mmoja akapiga kigelegele.

"Mafuta haya hayatibu kitu, nasi tunajua, maana hakuna hata mmoja wetu anayejipaka."

Makofi yakaanza, yakapungua mkono baada ya mkono, hata akabaki mzee mmoja aliyekuwa mgumu wa kusikia. Mheshimiwa Ghururi alisimama akiwa ameyafunika meno yake kwa mara ya kwanza, akaamuru Raja akamatwe kwa kosa la kukata tamaa hadharani.

Kosa hilo katika Tarajia lilizidi kuua, kwa hoja kwamba muuaji huondoa mtu mmoja katika Ngazi, na mwenye kukata tamaa huondoa wengi. Adhabu yake ilikuwa kuhamishiwa nchi ya Kinaa maisha, mkosaji akale alichopika na kulala alipochoka mpaka mauti yamfike. Kesi ilisikilizwa katika uwanja wa mahakama mbele ya Kadhi Mizani, mtu wa kipandio cha Yakuti, na umati wa mji ulihudhuria.

"Mheshimiwa Kadhi," Raja alisema, "wewe uko juu ya Bi. Shauku, na Bi. Shauku yuko juu yangu. Nikianguka mimi, wewe unapungukiwa. Naomba hakimu asiye na maslahi."

Ombi lilikuwa la haki, na hakimu wa namna hiyo akatafutwa katika nchi nzima bila ya kupatikana. Mahakama ikaamua kwamba, kwa kuwa kila mtu ana maslahi, basi hakuna mwenye maslahi, na kesi iendelee.

Ghururi bin Ahadi alishtaki mwenyewe. "Maelfu wameyatumia mafuta haya wakashukuru," alisema, "na mmoja hakushukuru. Je, insafu iwasikilize maelfu au mmoja?"

"Naomba nioneshwe mmoja tu katika maelfu hayo," alijibu Raja. "Asiwe juu ya Ngazi wala chini yake. Awe mtu aliyenunua chupa kwa kuwa alitaka mafuta, si kwa kuwa alitaka kuyauza."

Kadhi Mizani aliona jambo hilo ni jepesi kuliko unyoya, akamwamuru mpiga mbiu aite. Mpiga mbiu akaita. Mtu mmoja akasema amenunua makasha mengi. Alipoulizwa yako wapi, akasema yako chini ya kitanda yakisubiri wateja. Bi. Shauku akainuka, akasema kwa fahari kwamba yeye hana hata kitanda, bali hulala juu ya makasha yenyewe. Na alipoyasikia maneno yake kwa masikio yake, aliketi taratibu akauficha uso kwa mtandio. Mpiga mbiu aliita mpaka sauti ikamkauka.

"Mimi nilinunua," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Bi. Hisani, ameshika bega la jirani yake, akipapasa ardhi kwa miguu.

Ghururi alifurahi, meno yakarudi mahali pake. "Tazameni! Mnunuzi! Mama, sema usiogope. Uliyapenda mafuta yetu?"

"Yananuka vibaya, baba."

"Mbona basi ulirudia kuyanunua?"

"Kwa ajili ya mwanangu huyo mnayemshtaki. Tangu aingie katika ngazi yenu, hakuwa akija kunitazama bila ya chupa. Nikahofu kwamba nikisema sitaki chupa, hatakuja tena. Nikanunua ili aje."

"Na kwa nini ulijipaka?" aliuliza Kadhi Mizani, na sauti yake haikuwa ya kadhi tena.

"Aliniomba nijipake. Ningemwambiaje mtoto nimejipaka, nami sikujipaka?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazamana, kila mmoja akimwona mwenzake aliye juu yake, na ghafla uwanja ukalipuka kwa madai. Mwana alimshtaki mama, bwana harusi alimshtaki mshenga, wanafunzi walimshtaki mwalimu. Lakini kabla hawajamaliza, walioko chini yao nao walikuwa wamewashika nguo. Kadhi Mizani aliona kwamba akihukumu kwa haki, nchi nzima itakuwa mdai na nchi nzima itakuwa mdaiwa, na yeye mwenyewe atakuwa pande zote mbili. Akaivua pete ya yakuti, akaiweka chini, akasema, "Mpanda ngazi hushuka," akamwachilia huru Raja.

Ghururi bin Ahadi hakungoja. Aliwaambia wafuasi wake wasikate tamaa, akatoka kwa mlango wa nyuma, na walinzi wa mpaka, ambao hawakuwa wamepata habari, walimpigia makofi akipita. Nchi ya Pupa, alikokwenda, inasemekana wanamsifu sana kwa meno yake.

Ikatolewa amri kwamba kila mtu aende kwenye mlango wa kila aliyemweka chini yake, aombe radhi. Siku nyingi mji wa Punde ulijaa wabisha hodi, na wengi hawakufunguliwa, kwa kuwa wenye nyumba walidhani watauziwa kitu. Mafuta ya Afiyatele yalilainisha magurudumu ya mikokoteni, kazi yaliyoiweza vizuri kupita zote zilizotajwa katika karatasi yake. Bi. Shauku alisimama mlangoni kwa Raja tangu asubuhi, na Raja alimwacha asimame, kisha akamfungulia.

Raja mwenyewe alikwenda kwa shangazi yake. Alipiga magoti mlangoni, akabisha hodi.

"Nani hapo?" aliuliza Bi. Hisani.

"Ni mimi, shangazi. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi yangu unayo tangu ulipozaliwa. Macho ndiyo sina." Alisema hivyo bila ya kulainisha, wala Raja hakuomba alainishiwe. Kisha mama yule alinyoosha mikono. "Sogea nikuone umekuwaje."

Raja akasogea. Vidole vikavu vikapita juu ya paji la uso, vikateremka mashavuni palipokuwa na maji, vikatua juu ya mifupa ya mabega.

"Umekonda," alisema Bi. Hisani. "Inuka tuwashe jiko. Mimi nitakanda unga, na wewe utaniambia kama moto umekolea."