Kwa Elikana

Jumatatu saa tatu asubuhi Klara alifungua gunia la udongo katika ghala la kahawa lililojengwa na Wabelgiji, nje kidogo ya Muyinga, akamwambia Ruth aanze. Kikundi chao kilitoka Gitega kuandaa ile tamthilia ya kale ya Kigiriki, ya dada anayemzika kaka yake kwa konzi moja ya udongo ingawa mfalme amekataza. Klara alikuwa ameiandika upya. Udongo aliuchota shambani kwa baba yake, kule Makebuko, kwa kuwa ni mwekundu na unapendeza kwenye taa.

Ruth akammwagia Venansi, aliyeigiza maiti. Udongo ukamwingia mifukoni. Uliobaki ukatoka wenyewe guniani, ukatambaa, ukajikusanya chini ya kichwa chake.

"Mama Klara, udongo hii iko inamufwata," alisema Ruth, mtu wa Uvira.

"Endelea na maneno yako."

"Mumupatie itongo ya baba yake!" Ruth aliendelea.

Venansi akainua kichwa. "Samahani, itongo ni nini?"

Alikulia Morogoro kwa wajomba zake, Kirundi hakukijua. Mwaka jana alirudi Burundi kutafuta shamba la marehemu baba yake, asijue hata liko kilima gani. Klara akamweleza kwamba itongo ni ardhi ya ukoo.

Venansi akaketi. "Baba, mzee Elikana, alilirudia neno hilo siku mbili kabla hajakata roho," alisema. "Mimi nikadhani anasema matongo. Nikawa nampangusa macho."

"Hakusema ni wapi?"

"Labda alisema, Ruth. Nilikuwa napangusa."

Klara masikio yalimwaka kwa aibu. Kwao Makebuko shamba la bondeni halina jina jingine. "Leo tunalima kwa Elikana," baba yake husema hadi leo, bila haya, tangu Elikana mwenyewe akimbie mauaji ya mwaka sabini na mbili. Neno moja tu lingetosha. Akamfikiria baba yake, miaka themanini na miwili, akifukuzwa.

"Turudie," alisema.

Jumamosi watu wa Muyinga walipiga makofi mengi. Baadaye udongo ukamfuata Venansi hadi stendi, abiria wakiinua miguu ili upite. Klara akapiga magoti, akauzoa wote, akafunga gunia mara mbili.

"Unaupeleka wapi, dada?" aliuliza Venansi.

"Kwetu," alisema Klara.

Venansi akashika upande wa pili, wakalipakia.