Kisanduku cha Nyaruai

Siku ya tatu baada ya mazishi, jamaa wakinyolewa nywele huko Naitiri, mzee Khisa aliuliza kama kuna mtu aliye na kitu cha mwanawe, marehemu Mukhwana. Nyaruai, mchumba wa Mukhwana kutoka Kitale, akasimama na kutoa kisanduku cha chuma cha kuhifadhia maandishi ya kompyuta, kinachoenea kiganjani.

"Aliniambia nikae nacho tu," alisema. "Lakini si mmeuliza, baba."

Sellah, dada wa marehemu, alikipokea. Alikuwa tayari na kingine kama hicho, kilichotolewa mfukoni mwa Mukhwana alipookotwa amekufa kando ya mtaa wa mabanda wa Kipsongo. Mukhwana alikuwa akikusanya majina ya watu waliochomea maskini nyumba huko, na kila alichoandika alikifunga kwa ufunguo wa siri. Hakuna aliyekamatwa. Sellah aliyataka majina hayo kuliko alivyotaka chakula.

Yeye hufundisha kompyuta mjini Bungoma, na dawa ya kufuli kama hiyo aliijua. Chombo kinapofungua siri hunywa umeme kwa kupanda na kushuka, na kila ufunguo una unywaji wake. Unachukua pacha wa chombo hicho, unamtilia maelfu ya funguo unazozijua, unapima umeme kila mara, mpaka programu yako ya Python izoee sura ya kila mmoja. Kisha unampima yule mwenye siri, naye anajisema mwenyewe. Pacha ndiye huyo sasa, kaletwa mkononi.

Alipotia ufunguo wa kwanza katika kisanduku cha Nyaruai, kompyuta ilimwonya kuwa yote yaliyomo yatafutika. Akakubali bila kufikiri mara mbili. Wasomi nao! Wakishashika hesabu, swali dogo hawaulizi.

Wiki mbili baadaye, Nyaruai alipofika Bungoma asubuhi, programu ilikuwa inamalizia kuutambua ufunguo wa siri. Kisanduku kilichotoka mfukoni mwa Mukhwana kikafunguka. Ndani mlikuwa na mistari miwili tu.

"Hiki watakuja kuninyang'anya, kwa hivyo sijaweka kitu. Majina yote yako kwenye kile cha Nyaruai."

Sellah alisoma mara tatu. Kisha akageukia kisanduku cha Nyaruai pale mezani.

"Umepata, dada?" Nyaruai aliuliza kutoka mlangoni.

Akaja mezani, akachukua kisanduku chake, akakifuta vumbi kwa leso na kukitia mkobani taratibu.

"Si hiki mmemaliza nacho? Wacha nikae nacho, vile aliniambia."