Shimo la Jeropiga

Fununu ile ilimganda Deolinda kama kupe. Ng'ambo ya kilima mwanamume alikutwa amelala ndani ya hodhi la zabibu, amekufa, hana jeraha wala harufu ya pombe mdomoni. Watu wakasema mvinyo umemwita.

Asubuhi ile bintiye Ilda na mkwewe Adérito walikuwa ghalani wakitengeneza jeropiga, kinywaji kitamu cha zabibu. Ndoo mbili za maji ya zabibu ambayo hayajaanza kuchacha, ndoo moja ya pombe kali ya makapi, koroga, ziba pipa hadi Novemba. Pembeni, hodhi la mvinyo mwekundu lilikuwa likichacha kwa siku ya nne, na chini yake shimo la mawe la kukingia maji ya zabibu. Madirisha yote yamefungwa. Ndiyo desturi, ati upepo huwahi kuyachachisha maji ya jeropiga.

"Fungueni hata moja," Deolinda alisema.

"Mama naye! Ungeachiwa wewe tungekoroga barabarani."

"Babu yangu alifunga, mama mkwe, na jeropiga yake ililaza mapadri," Adérito akacheka.

"Basi shusheni mshumaa shimoni kwanza."

"Mshumaa mchana huu?"

Deolinda aliufuata mwenyewe nyumbani. Aliporudi, Ilda alikuwa ameshashuka kwenye shimo hilo, refu hadi kifuani, akichota maji ya mwisho. Deolinda akashusha mshumaa kwa kamba. Ulipofika usawa wa goti, moto ukafa kama umefinywa.

"Ilda, panda!"

Ilda alikuwa ameinama. Hakuinuka. Kata ikaanguka, naye akaifuata.

Adérito akataka kuruka. Deolinda akamshika mkanda.

"Ukishuka nitazika wawili! Vunja madirisha!"

Yeye akachukua reki ya makapi, akalala kifudifudi, akainasa mikanda ya aproni, akavuta, akavuta, mpaka Adérito akaja wakavuta pamoja.

Wakamlaza Ilda penye dirisha lililovunjwa, wakampepea. Halafu akakohoa.

"Nilisikia usingizi tu, mama," alinong'ona. "Mtamu."

Neno hilo ndilo linalomwamsha Deolinda mpaka leo.

Usifunge madirisha mvinyo ukichacha.
Usiamini pua, hewa nzito itokayo kwenye mvinyo hainuki.
Usishuke mshumaa ukizimika, wala ukiwa peke yako.
Usiuweke mshumaa karibu na pombe kali.
Usiiname kuchota, tumia ndoo ya kamba.
Usiruke kumfuata aliyeanguka.