Ushahidi wa Mtakatifu Antoni wa Mikoroshini

Kila Jumatatu asubuhi Apolonia alikwenda kanisani na ndoo ya maji, kitambaa na kipande cha sabuni ya kufulia, kumwosha Mtakatifu Antoni. Alianzia miguuni, maana kanisa halikuwa na sakafu na vumbi lilimpanda mtakatifu mpaka magotini. Halafu kanzu ya kahawia, halafu Mtoto Yesu aliyebebwa mkononi, na mwisho uso. Mikoroshini iko mbele ya Tegeta, kigango kidogo tu, padre anakuja mara moja moja kwa pikipiki, na Antoni ndiye somo na msimamizi wa pale. Mtu akipoteza kitu alimwendea yeye kabla ya polisi. Ukimwomba Jumanne, kwenye novena, zile sala zake za kila wiki, ufunguo unaonekana, mbuzi anarudi, na mume naye hurudi, ingawa kwa mume huchukua muda.

Jumatatu moja, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Apolonia alipofika usoni aliacha kuosha. "Baba Antoni," alimwambia, "kesho mjumbe anakuja kuangalia mpaka, na mie nimepungukiwa shahidi. Njoo wewe basi, maana hawa binadamu wamenishinda." Akakamua kitambaa, akarudi nyumbani.

Na kweli walikuwa wamemshinda. Mumewe, Benedikto, alizikwa uani kwake mwenyewe, mwisho wa kiwanja, karibu na ua wa minyaa uliokuwa mpaka. Upande wa pili wa minyaa alinunua Bwana Leopoldi, mkazi wa Msasani, mwagizaji wa mitumba, aliyetaka kujenga ghala. Bwana Leopoldi hakupora, la hasha. Alisogea. Mwanzo zilikuja nguzo, halafu waya, halafu nguzo zikawa zinalala hapa na kuamka pale mbele kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Apolonia alikwenda Mahenge kumzika mama yake, na aliporudi alikuta minyaa imekatwa imebaki visiki, ukuta wa tofali umepita katikati ya kiwanja chake, na Benedikto amebaki kwa Leopoldi. Aliushika ule ukuta kwa viganja vyote viwili, akalia mpaka jirani yake Bi Zubeda akaja kumchukua.

Desturi ya pale, tangu kwa wenyeji, ni kwamba mpaka hauna ugomvi ukiwa na mashahidi wawili. Shahidi haongei sana. Anakwenda, anasimama pale anapojua yeye ndipo mpaka ulipo, mjumbe wa nyumba kumi anaona, basi, yamekwisha. Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Zubeda. Marehemu baba yake, Mzee Mwinjuma, ndiye aliyeuza viwanja vyote viwili, na minyaa aliipanda kwa mkono wake. Ikawa kazi kumpata wa pili. Waliobeba jeneza la Benedikto walikuwa wengi, wote wa kigango, wote wazima wa afya. Lakini mabati ya kanisa yalitoka kwa Bwana Leopoldi, na mkono mtupu haulambwi. Mwenyekiti wa kigango alisema siku ya mazishi jua lilikuwa kali, hakuangalia vizuri. Katekista Gaudensi alisema yeye macho yalikuwa kitabuni. Adelina, shoga yake Apolonia wa miaka yote, alisema, "Mie Jumanne nina mgonjwa," na hakumtaja ni nani.

Jumanne mchana, novena ilipokwisha, Mtakatifu Antoni akashuka altareni. Alishika njia ya sokoni akiwa amembeba Mtoto, ambaye jua lilimfanya afumbe macho. Wauza mchicha walimwambia, "Tumsifu Yesu Kristu," naye akaitikia kwa kichwa. Fundi baiskeli, Mwislamu, alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaendelea kuziba pancha. Kwa Apolonia hakupiga hodi. Alikatiza uani, akaufikia ukuta, akaupita kama mtu apitavyo mlangoni, na ukuta ukabaki mzima. Upande wa pili alilipita kaburi, akaenda mpaka kwenye visiki vya minyaa, akasimama.

Mjumbe, Mzee Marijani, aliingia kwa kuzungukia geti la Leopoldi. Alimkuta Bi Zubeda amesimama kwenye visiki na mtakatifu yupo kando yake, bega kwa bega, na Apolonia amejiinamia kaburini, anang'oa majani yaliyoota.

"Haya," Bi Zubeda alisema. "Mashahidi wawili hao. Hesabu."

Mzee Marijani alivua kofia, akajikuna kichwa. "Bi mkubwa, huyu ni wa plasta."

"Kasimama, hajasimama?"

"Kasimama."

"Sasa?"

Katekista Gaudensi alifika akihema. "Samahani, Bi Zubeda. Nyie watakatifu wetu hamuwajui. Mtakatifu hatoi ushahidi wa viwanja. Akienda mahali ana maana yake, na maana yake anaisema padre."

"Makubwa! Mtu kajisemea kwa miguu yake, nyie mnataka asemewe!" Bi Zubeda alisonya, na msonyo wake ulikuwa mrefu.

Mzee Marijani alikuwa mtu wa amani, tena mwanawe alikuwa ameahidiwa kazi ya ulinzi kwenye lile ghala. Akaona ni vema padre asubiriwe. Mtakatifu alirudishwa kanisani kwa pikapu ya Bwana Leopoldi, akiwa amefungwa kamba asianguke.

Jumanne iliyofuata akaenda tena. Na nyingine akaenda, na nyingine. Wauza mchicha wakawa wanasogeza matenga yao mapema ili apite bila kujikwaa. Hapakuwa na mtu Mikoroshini ambaye hakujua anakokwenda wala sababu, na kila mtu akiulizwa alisema tusubiri padre.

Padre alikuja, akaegesha pikipiki. Alivitazama visiki, akalitazama kaburi, akautazama ukuta, kisha akainua macho akayatazama mabati ya kanisa yaking'aa kule ng'ambo. Alikuwa kijana bado, wala hakuwa mtu mbaya. Apolonia alimkazia macho mdomoni. Alikuwa ameomba jambo moja tu maishani mwake bila aibu, kwamba Benedikto arudi upande wake, na jibu lilikuwa mle mdomoni.

"Mtakatifu amepapenda mahali hapa," padre alisema mwishowe. "Tusali."

Wakasali. Apolonia naye litania aliiitikia yote, maana mdomo ukishaizoea hujiendea wenyewe.

Habari ikafika Mwananyamala, ikafika Temeke. Watu walikuja na vitu vyao vilivyopotea. Mama mmoja alipata cheti cha ubatizo cha mtoto, mwingine alipata pete iliyomezwa na kuku. Wanaume waliopunguzwa viwandani walikuja kutafuta kazi zao. Hao hawakupata, ila waliambiwa waendelee kusali. Bwana Leopoldi kwanza alikasirika kuona uwanja wake umejaa watu waliopiga magoti. Halafu akatulia, akafikiri, akaacha kukasirika.

Siku ya somo, mwezi wa sita, misa ilipokwisha na mikate ya maskini ilipokwisha kugawiwa, Bwana Leopoldi aliomba kipaza sauti. Alisema yeye ni mwenye dhambi kama wengine, hana cha kumlipa Mungu, ila kile kipande pembeni ya ukuta, pale penye kaburi, anamtolea Mtakatifu Antoni pajengwe groto, pango la kusalia. Vigelegele vilipigwa mpaka kunguru wakaruka. Mzee Marijani alipiga makofi, mwenyekiti akalia kidogo.

"Jamani!" Apolonia alisimama. "Anatoaje kisicho chake? Pale pana mume wangu!"

Kwaya ilikuwa imeshaanza. Mwenyekiti alimjia kwa upole, akamshika bega. "Dada Apolonia, wewe una bahati usiyoijua. Ni marehemu gani mji huu analala miguuni pa mtakatifu? Shukuru."

Kamati ya kujenga groto ilipokwenda kupima ilikuta kwenye visiki maji yanatuama, hapafai. Lakini kaburi lilikuwa na tuta zuri, msingi tayari. Waling'oa msalaba wa mbao, wakamwaga zege, wakaweka vigae vyeupe, na Antoni wakamsimamisha juu yake. Fundi alimzungushia saruji miguuni mpaka juu ya vifundo, asichoke tena na safari. Jumanne hiyo, saa yake ilipofika, watu waliona mabega yake yanavuta kwenda mbele, Mtoto akamshika shingo kwa nguvu, vigae vikalia. Akavuta tena. Kisha akaacha. Kamati ilisema sasa ameridhika. Uso tu ndio haukurudi ulivyokuwa. Uligeukia kule kwenye visiki na ukabaki huko, na ghala lilipojengwa juu ya visiki, watu walisema anabariki biashara. Bi Zubeda hakukanyaga tena pale. Alisema haki ya mtu haifunikwi kwa vigae, akaingia ndani kupika.

Ukuta ulibaki palepale. Apolonia akitaka kwenda kwa mumewe ilimbidi atoke nje mpaka barabarani, azunguke na kuingilia geti kama wageni. Mara ya kwanza baada ya groto kujengwa alikwenda mchana wa Jumanne, akapanga foleni nyuma ya mwanamke kutoka Temeke na mbele ya mwanamume aliyepotelewa na mbuzi. Getini alikuwepo Adelina, amevaa sare ya kitenge, anapanga watu. Kila mtu aliulizwa shida yake.

"Umepoteza nini, dada?"

"Kaburi la Benedikto."

Adelina hakumtazama usoni. Alinyoosha kitenge chake mahali ambapo hakikukunjika. "Mwombe tu," alisema. "Wengi wanapata. Ila leo watu ni wengi, shoga yangu, usikae sana."

Apolonia alivua kandambili, akapiga magoti juu ya vigae. Hakuomba kitu. Aliweka kiganja chini, akamweleza Benedikto habari za nyumbani, kwamba paa linavuja upande wa jikoni, na kwamba Anjelina, binti yao, amejifungua salama, mtoto wa kiume, wamempa jina lake. Alikuwa hajamaliza kumweleza mtoto amefanana na nani pale mwanamume wa mbuzi alipokohoa nyuma yake.

"Mama, samahani," alisema. "Na sie tunangoja."

Apolonia akanyanyuka, akampisha.