Mafungu Ishirini ya Kahawa ya Kutafuna

Mwaka 1953, karani wa soko la Muleba alimpa Maulida magulio matatu: auze mafungu ishirini ya kahawa ya kutafuna, la sivyo kibanda chake apewe muuza sabuni. Maulida alikuwa mtu wa Miembeni, Bukoba mjini, wazee wake wa pwani, na aliona kazi ni nyepesi. Alimwita Saburi, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, lengo letu leo, watu mia waonje."

Kufika adhuhuri walikuwa wameonja mia na kumi na wawili. Walitafuna, wakashukuru, wakaulizia hali ya watoto, wakaenda zao. Halikuuzwa hata fungu moja. Gulio la pili wakaonja mia mbili.

Jirani yake Kemilembe, muuza maharage, alicheka mpaka akashika kiuno. "Waitu, mwenzangu Maulida, unajua kukaribisha. Huku kahawa hupewa mgeni akishaingia nyumbani. Nani alikwambia mgeni hulipia?"

Maulida akaondoa sahani ya kuonjesha. Magulio mawili alikuwa akihesabu midomo, kumbe mnunuzi ni mwenye nyumba.

Gulio la tatu alibadili lengo. "Leo hakuna kuonjesha. Nataka nyumba ishirini zinazopata mgeni leo hii. Kasimame pale basi la Bukoba linaposhusha. Muulize kila abiria anakwenda kwa nani, kisha panda baiskeli ufike kabla yake."

"Nikifika niseme nini?"

"Ukweli. Na usicheke."

Saburi alipita mlango kwa mlango, uso umemkunjamana kama mleta habari za msiba. "Mgeni wako kashuka. Kahawa ipo?" Wanawake walikuja sokoni mbio, wengine wameshika miko. Hadi saa tisa yalikuwa yameondoka mafungu kumi na matano.

Hapo karani Karugendo akaja na muuza sabuni, ambaye alianza kukipima kibanda kwa hatua.

"Mama, muda wako umekwisha."

"Jua bado lipo, bwana karani. Shemeji, yule mama wa kanga nyekundu alisema anakwenda kwa nani?"

Saburi, jasho likimtiririka, alimtazama karani kwa huruma. "Kwa mkwewe, karani wa soko. Anakwenda kwa miguu, ila ana mwendo."

Karugendo akaingiza mkono mfukoni. "Yamebaki mangapi?"

"Matano."

"Lete yote." Akamgeukia muuza sabuni aliyemzibia njia. "Na wewe rudi kwenu, unanichelewesha."