Cherero Aliyelisha Kioo

Haya nilisimuliwa na fundi vioo mwenyewe, asubuhi aliyokuja kunitilia kioo cha dirisha la jikoni baada ya wajukuu kukipasua kwa mpira. Alisimulia huku akipima fremu, wala hakunitazama.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa kitandani, macho yamefifia, chakula amekisusa. Kilichobaki cha kumfungua kinywa ni ndege wawili ndani ya tundu la waya kando ya kitanda: cherero, wale kasuku wadogo wasiofika hata shibiri, uzito wao kama yai la kuku. Mwili kijani, uso rangi ya chungwa bivu, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho, utadhani wamevaa miwani. Dume na jike wamefanana kabisa. Mkewe akawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi bila kujua nani ni nani. Mmoja akishiba, hucheua mbegu akamtilia mwenzake mdomoni. Mgonjwa akiwaona wanalishana hucheka, na katika kucheka kule fundi humtilia kijiko cha uji.

"Unaniibia, Fundi."

"Mwizi wa kuingiza, Bi Mkubwa. Haya, kingine."

Basi siku moja mkewe amelala, fundi akamkuta ndege mmoja chali sakafuni mwa tundu, vidole vimekunjika. Akaona giza mchana kweupe. Kutia mgeni haiwezekani. Muuzaji wa ndege alikwisha kumwonya kwamba cherero humng'ata mgeni mpaka damu. Na mkewe akijua, kijiko hakitapita tena. Mtu akibanwa hukimbilia kazi anayoijua. Akamtoa yule mfu, akaenda karakana, akakata kipande cha kioo cha kujitazamia, akasugua kingo zisikwaruze, akakifunga tunduni kwa waya. Mkewe alipoamka, ndege walikuwa wawili.

Hila ilifaa, lakini haikudumu. Yule aliyebaki alikiegemea kioo, akakiimbia, akacheua mtama na ulezi akakitilia. Rojo likateremka, likakauka. Fundi aliweka mchicha, kipande cha tofaa, hata alizeti aliyoipenda kuliko vyote. Kila kitu kikapelekewa mwenzake wa kiooni. Kifua cha ndege kikachongoka kama kisu. Kila asubuhi fundi alikifuta kioo kabla mkewe hajaamka, akijua anamuua mmoja ili amlishe mwingine.

Mchana mmoja mkewe akasema, "Fundi, yule wa kulia hamezi."

"Ameshiba."

"Wala halii." Akamgeuzia uso. "Alikufa lini?"

Fundi akakitazama kijiko. "Wiki iliyopita. Nisamehe, mke wangu. Niliogopa utafunga mdomo."

"Kumbe umemwoza kioo!" Akacheka, cheko likageuka kikohozi, uji ukamtoka, ukateremka kidevuni. Fundi akaufuta kwa kitambaa kilekile alichofutia kioo. Wote wawili wakabaki wanakitazama kile kitambaa.

"Hata wangu unateremka tu," mkewe akasema. "Tangu lini hauingii?"

Fundi akakikunja kitambaa. Yeye ndiye aliyekuwa akifua foronya zenye uji kila siku.

"Kitoe kioo. Labda atakula mwenyewe."

Akakitoa. Cherero akazunguka tundu akiita, akapita pale palipokuwa na kioo, upande huu, upande ule, akaita tena. Mtama ulijaa kibakulini, hakuugusa. Fundi akarudi na kijiko kitandani. Midomo ya mkewe ilikuwa imefungwa, si kwa hasira, imefungwa tu, kama mlango wa watu waliosafiri.

"Kimoja tu, Bi Mkubwa. Kimoja."

Mkewe akampapasa mkono, kisha usingizi ukamchukua. Ndege naye akaficha kichwa mgongoni, amekaa pembeni kabisa ya kijiti, kama anayemwachia mtu nafasi. Uji ukapoa, ukafanya utando. Fundi alibaki na kijiko mkononi, akisikiliza pumzi mbili, kubwa na ndogo, asijue itakayotangulia kukatika, mpaka kidevu kikamwangukia kifuani, akalala.